Shajara ya mradi: kumtafuta mtu kwa mchoro wa penseli

Mwanzo

Naanza kuandika hii shajara kwa sababu mradi unabadilika kila nikiugusa, nisipoandika ntasahau kwanini niliamua hiki na sio kile. Wazo lenyewe halina mbwembwe: shahidi kamwona mhalifu, mchoraji kamchora kwa penseli kufuata maelezo, sasa badala ya kubandika ile karatasi ukutani na kusubiri mtu apige simu, unaiskani, unaipa programu, programu inapekua kanzidata ya picha na kukupangia sura kuanzia inayofanana zaidi mpaka inayofanana kidogo. Basi. Haikamati mtu, inapanga foleni tu ya nani aangaliwe kwanza.

Data ya kuanzia ni CUFS, mkusanyiko wa picha na michoro wa Hong Kong, karibu kila anayegusa mada hii anapitia hapo. Ina sura 606: 188 za wanafunzi, 123 zimetoka kanzidata ya AR na 295 zimetoka XM2VTS, na kila sura ina picha yake na mchoro wake. Ipo na ndugu yake CUFSF, watu 1,194 waliotolewa kwenye FERET, kanzidata nyingine ya nyuso, hii picha zake zina mwanga wa kila aina na michoro imetiwa chumvi kidogo, yani mwenye pua ndefu kachorwa na pua ndefu zaidi.

Nimechukua ArcFace, modeli ya kutambua nyuso iliyokwishafundishwa kwa picha za kawaida. Inataka uso uliokatwa pikseli 112 kwa 112, macho yakae mahali pake, inakutolea vekta, yani orodha ya namba 512, ukitaka kujua sura mbili zinakaribiana kiasi gani unapima pembe kati ya vekta zake. Kwa michoro ilikuwa inayumba, ni kama haioni mtu inaona karatasi. Nikaiendeleza kuifundisha kwa jozi za mchoro na picha, nikapunguza tofauti za mwanga kabla ya kuiingizia, ikatulia. Mtu sahihi anakuja wa kwanza karibu kila mara.

Kirahisi mno. Mambo yakinyooka haraka namna hii mi huwa nalala na wasiwasi.

Siku iliyofuata

Leo sijafundisha kitu, nimekaa kuangalia data kwa macho tu, na nashauri mtu yeyote afanye hivyo kabla hajaanza kujisifu. Nimechukua mchoro mmoja wa CUFS nikauweka juu ya picha yake, nikaufifisha nusu ili nione vyote viwili kwa pamoja. Aisee. Kona ya jicho imekaa juu ya kona ya jicho. Kuna kishungi cha nywele kimeangukia paji la uso upande wa kushoto, kwenye mchoro kipo palepale na kimepinda vilevile, hadi mkunjo wa kope la juu umefuatwa. Kikanikaa kichwani: huyu mchoraji alikuwa na picha mbele yake. Na ndivyo ilivyo, hiyo michoro imechorwa kwa kuangalia picha, hakuna shahidi, hakuna hofu, hakuna giza, hakuna wiki mbili za kusahau.

Kwa hiyo modeli yangu inajua kutoka penseli kwenda picha. Haijui chochote kuhusu kutoka kwenye kumbukumbu kwenda picha, na huko ndiko kesi zote zilipo.

Wanaofanya hii kazi wanagawa michoro kwa makundi. Kuna iliyochorwa kwa kuangalia picha. Kuna ya katikati, mchoraji anaangalia picha kisha inaondolewa anachora kwa kukumbuka. Kuna ya upelelezi wenyewe, inayotokana na maelezo ya shahidi. Alafu kuna sura za kuunganisha kwa vipande, hizo sio za mkono kabisa: Identi-Kit iliyotoka Marekani 1959, Photofit iliyoanza Uingereza 1970, unachagua nyusi, unachagua mdomo, unapandanisha, na siku hizi ni kwenye kompyuta. Kanzidata ya IIIT-D ya India ina makundi matatu ya mwanzo kwa pamoja, ndo maana naipenda kuliko CUFS ingawa ni ndogo.

Ukitaka kuona ugumu halisi soma kazi ya Klare, Li na Jain ya 2011. Wao walichukua michoro 159 ya kesi halisi wakaipambanisha na picha 10,159 za watu waliowahi kukamatwa. Njia yao sio ya ajabu, wanakata uso vipande vipande vinavyopandiana, kila kipande kinatolewa maelezo ya SIFT na ya LBP, yani njia mbili za kueleza kipande cha picha kwa namba, alafu wanajifunza namna ya kuyakamua yabaki yale tu yanayotofautisha mtu na mtu. Kilichonivutia ni namna walivyopima. Hawakuishia kuuliza nani kaja wa kwanza, waliuliza je mtu sahihi yumo kwenye 50 za juu, na walitenganisha michoro mizuri na mibovu kwa sababu mchoro mbovu hauokolewi na hesabu yoyote. Na mimi kuanzia leo napima hivyo.

Jaribio la nyumbani

Nina rafiki anachora vizuri sana, namuita fundi. Nimemuomba awe mchoraji, na jamaa mwingine awe shahidi. Shahidi kaonyeshwa sura moja ya mtu asiyemjua kutoka kwenye kanzidata ya utafiti, muda mfupi tu, akaambiwa aende zake. Baada ya siku kadhaa nikawakalisha. Fundi hajaiona picha, na mimi nilikaa pembeni kimya.

"Uso wake ulikuwaje?"
"Wa kawaida."
"Pua?"
"Ya kawaida tu. Sio kubwa, sio ndogo."
"Macho?"
"Kawaida. Ila alikuwa na kitu hapa," akagusa nyusi yake ya kulia, "kama alishawahi kupasuka, hapaoti nywele."
"Nywele za kichwani?"
"Fupi. Zimeanzia nyuma kidogo."

Hapo fundi akataka kusaidia, akauliza, "Kama za nani vile, za kwangu?" na shahidi akasema ndiyo kama zako, na kuanzia pale mchoro ukaanza kufanana na fundi mwenyewe, nyie mngeona! Tukasimamisha. Swali likishakuwa na jibu ndani yake, linachafua kila kitu kinachofuata. Ndo maana kuna mahojiano yaliyobuniwa na Fisher na Geiselman, shahidi anarudishwa kwanza kwenye tukio, alisimama wapi, kulikuwa na sauti gani, anaachwa asimulie bila kukatizwa, maswali ya kipande kimoja kimoja yanakuja mwisho kabisa na hayapendekezi kitu.

Kuna la ziada linalonisumbua. 1990 Schooler na Engstler-Schooler walionyesha kwamba mtu akieleza sura kwa maneno, baadaye uwezo wake wa kuitambua ile sura unaweza kupungua. Yani kitendo chenyewe cha kumwambia mchoraji kinaweza kuchuja kumbukumbu. Sura tunaishika nzima nzima, hatuishiki kama orodha ya pua na masikio, kwa hiyo ukimlazimisha mtu aitoe vipande vipande unapata "ya kawaida" mara nane. EvoFIT, programu ya Uingereza, imekwepa hili kwa kumwonyesha shahidi kundi la sura nzima, anachagua zinazokaribia, programu inazichanganya na kuzaa kundi lingine, mpaka afike. Mi nimebaki na penseli kwa sababu ndo mradi wangu, ila nakiri wale wamefikiri.

Mchoro wa pili tukauanza upya, ukatoka mzuri kiasi. Kwenye nyusi ya kulia fundi kaacha mkato mweupe, kaupitia na mistari mitatu myembamba ya penseli. Ukimuuliza shahidi ana uhakika na nini kwenye ile karatasi nzima, anakuonyesha mkato ule tu.

Kuhusu pix2pix

Hili nalieleza kirefu kwa sababu ndo limegeuza mradi.

Njia moja ya kurahisisha kulinganisha ni kwanza kuugeuza mchoro uwe picha, alafu unalinganisha picha na picha. Kabla ya sasa watu walifanya hivyo kwa hesabu za kuchukua vipande vya picha zilizopo na kuvishona, siku hizi kuna pix2pix, mitandao miwili ya akili bandia inashindana, mmoja unachora picha mwingine unakamata picha za uongo, mpaka wa kwanza uweze kudanganya. Nimeufundisha kwa jozi zangu nikaupa ule mchoro wa fundi.

Ikatoka sura ya mtu mzima kabisa. Ngozi ina matundu yake, jicho lina kang'aro, midomo ina unyevu. Ukimwonyesha mtu asiyejua anakuuliza huyu nani. Nikasema hapa ndo penyewe.

Alafu nikaangalia nyusi ya kulia. Nzima. Imejaa nywele kutoka mwanzo mpaka mwisho, mkato hamna. Kwenye data ya mafunzo watu wenye kovu la nyusi ni wa kuhesabu, kwa hiyo kwa modeli ile mistari mitatu ni uchafu wa karatasi, imeusafisha. Kitu pekee ambacho shahidi alikuwa na uhakika nacho ndicho kilichofutwa, na badala yake tumepewa matundu ya ngozi, rangi ya jicho, wekundu wa mdomo, vitu ambavyo hakuna binadamu yeyote aliyevisema. Vimetoka wapi? Kwenye wastani wa watu wengine.

Na ubaya ni kwamba inapendeza. Mchoro wa penseli unajitangaza wenyewe kwamba ni makisio, ukiuona unajua hii ni kazi ya mkono, kunaweza kuwa na kosa. Picha haijitangazi hivyo. Mpelelezi akiipata ile picha ataiamini kuliko mchoro, wakati ina habari chache kuliko mchoro. 2022 polisi wa Edmonton, Canada, walitoa picha ya mtuhumiwa iliyotengenezwa kwa kompyuta kutokana na DNA, watu wakaja juu kwamba hiyo ni sura ya jumla inayoweza kuwa kijana mweusi yeyote yule, wakaiondoa na kuomba radhi. Njia tofauti na yangu lakini ugonjwa ule ule.

Folda ya pix2pix nimeifuta. Kuna waliosema niiache kwa maonyesho tu, nimekataa, kitu kikishakuwepo kwenye programu kitatumika.

Kesi niliyoisoma wikendi

Tarehe 19 Aprili 1995 bomu lililipuka Oklahoma City, watu 168 wakafa. Lori lililobeba mabomu lilikodishwa siku mbili kabla kwenye duka moja huko Kansas, na wafanyakazi wa pale wakasaidia FBI kuchora watu wawili, wakawaita John Doe namba 1 na John Doe namba 2, jina wanalompa Marekani mtu asiyejulikana. Mchoro wa kwanza ulipelekwa kwenye moteli ya karibu, mwenye moteli akamtambua mteja wake, na mteja alikuwa kajiandikisha kwa jina lake halisi, Timothy McVeigh. Jamaa alikuwa tayari mahabusu, alisimamishwa barabarani kwa sababu gari lake halikuwa na namba, akakutwa na bastola. Hapo mchoro ulifanya kazi yake sawasawa.

Wa pili ukasakwa nchi nzima. Mwishowe FBI wakahitimisha kwamba ni mwanajeshi asiye na hatia, aliyefika dukani pale siku iliyofuata akimsindikiza mwenzake aliyekodi gari. Kofia ipo, tatuu mkononi ipo. Yani fundi magari wa pale dukani alimkumbuka mtu wa kweli, sura ya kweli, ila siku sio yenyewe.

Hii imenikalisha chini. Siku zote nafikiria kosa la programu ni kumleta mtu asiyefanana. Hapa programu ingemleta mwanajeshi yule wa kwanza kwenye orodha, na kwa kipimo changu ningeandika "sahihi", na asingekuwa na kosa lolote. Hakuna kipimo cha kufanana kinachoweza kukamata kosa la aina hii, kwa sababu mchoro hauna tarehe.

Kufunga na kufungua orodha

Kiufundi kidogo. Majaribio yangu yote mpaka sasa ni ya orodha iliyofungwa, yani mtu anayetafutwa yumo kwenye kanzidata, kwa hiyo kila mara kuna jibu. Maisha hayako hivyo, mara nyingi mhalifu hajawahi kupigwa picha na polisi. Nikamtoa mtu sahihi makusudi nikaendesha tena: programu bila aibu inakuletea mwingine namba moja. Haijui kusema hayumo. Nikaweka kiwango cha chini, alama ikishuka hapo iseme hapana. Kwa picha na picha kiwango kama hicho kinasaidia, ila kwa mchoro wa kumbukumbu alama za mtu sahihi na za mtu asiye sahihi zimepandiana vibaya, ukipandisha kiwango unampoteza mhusika, ukishusha unajaza wasio husika.

Na watu wanafanya hivi kwa kweli. 2019 kituo kimoja cha Chuo Kikuu cha Georgetown kilitoa ripoti ikionyesha idara kadhaa za polisi Marekani zilikuwa zinaruhusu kuingiza michoro kwenye mifumo ya kutambua nyuso iliyotengenezwa kwa picha. Ripoti hiyo hiyo inaeleza jinsi polisi wa New York walivyochukua picha ya mwigizaji Woody Harrelson, eti kwa sababu mtuhumiwa amefanana naye, wakaitumia hiyo kumtafuta mtuhumiwa.

Sasa ongeza na hili: mwaka huo huo NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, walipima algoridhimu 189 wakakuta kwa nyingi kati ya hizo makosa ya kumfananisha mtu na asiye yeye ni mengi zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, tofauti inafika mara 10 hadi 100 kutegemea algoridhimu. Hiyo ni kwa picha safi. Kwenye penseli ngozi nyeusi inawakilishwa kwa kivuli, na kivuli ndicho hicho hicho mchoraji anachotumia kuonyesha shavu lililobonyea, modeli itatofautisha vipi? Kwa sababu hiyo nimesitisha kutumia modeli ya zamani iliyofundishwa kwa CUFS tu.

Kinachoniogopesha zaidi ni kinachotokea baada ya orodha. Programu inamchagua mtu kwa sababu anafanana na mchoro. Mchoro ni kumbukumbu ya shahidi. Mtu huyo anawekwa kwenye gwaride la utambuzi mbele ya shahidi yule yule. Lazima amwone anafanana, ndo sababu yuko pale! Kisha mahakamani inaonekana kuna ushahidi wa aina mbili, mashine imesema na shahidi amesema, wakati ni kauli moja imezunguka ikarudi.

Kwa hiyo kwenye skrini nimeondoa asilimia zote. Hakuna "kufanana 87". Inaleta sura hamsini kwa mpangilio usio na namba, mtumiaji hawezi kuona nani alikuwa wa kwanza mpaka aandike kitu kingine kinachomhusisha mtu huyo na tukio, alikuwa wapi siku hiyo, gari, simu, chochote. Juu kabisa kuna mstari unasema mtafutwa anaweza kuwa hayumo. Jamaa mmoja kaniambia hakuna polisi atakayeipenda programu ya namna hii. Sawa.

Michoro zaidi ya mmoja

Habari njema kidogo. 2002 Bruce na wenzake walichukua sura zilizotengenezwa na mashahidi wanne tofauti wa mtu mmoja wakaziyeyusha ziwe moja, na hiyo ya pamoja ikawa nzuri kuliko sura ya shahidi mmoja kwa wastani. Ina mantiki, kila shahidi anakosea upande wake, makosa yanafutana, kinachobaki ni kile walichokubaliana. Mi sijaunganisha picha, nimechukua vekta za michoro ya mashahidi tofauti nikafanya wastani wake, na mtu sahihi akapanda foleni kwa namna inayoonekana kabisa. Faida nyingine: kovu halifutwi, kwa sababu mchoro wenyewe haujaguswa.

Sharti ni moja na ni gumu, mashahidi wasiwe wameongea. Wakishakaa pamoja wanasubiri polisi na kusimuliana, makosa yao yanakuwa mamoja na wastani hauondoi kitu. Nimeongeza kisanduku cha kuuliza hilo kabla ya kuruhusu kuunganisha.

Na nywele. Sura ya mtu tusiyemjua tunaishikilia sana kwa vitu vya nje, nywele na umbo la kichwa, na ndivyo vinavyobadilika kwa wembe wa dakika tano. Saivi programu inatafuta mara mbili, uso mzima na uso ambao nywele zimefichwa, alafu inachanganya foleni zote mbili. Mchanganyo bado ni wa kubahatisha, nagawa nusu kwa nusu tu.

Kilichopo mezani

Nataka kuhamia UoM-SGFS, kanzidata ya Malta, watu 600 wenye sura zilizotengenezwa kwa EFIT-V, programu ya kutengeneza sura kwenye kompyuta, zina rangi, nione kama modeli inabeba au imezoea penseli. Fomu ya kuomba ruhusa nshajaza. Fundi anadai tufanye upya jaribio la shahidi, safari hii mashahidi wanne wasiojuana na yeye asiruhusiwe kuuliza "kama ya nani". Ugumu ni kuwapata wanne watakaokubali kurudi baada ya wiki kusema "ya kawaida".